Rosalind Franklin: Binti wa London aliyesoma umbo la virusi

Asubuhi za mwezi wa saba pale mpakani Kobero ni za baridi na vumbi. Yeyote anayevuka kwenda Kabanga kufuata mchele au dagaa anajua kwamba msimu huo nusu ya foleni inapiga chafya na nusu nyingine inafuta makamasi. Mwaka jana nilisimama katika foleni hiyo nyuma ya mama mmoja mfanyabiashara, mtoto mgongoni, mkononi bahasha ya kaki yenye karatasi zake zote pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto. Aliposikia naitwa mwalimu, alinigeukia na kuniuliza swali ambalo sikulitarajia mahali pale. Alitaka kujua ni kwa nini wataalamu wameweza kutoa matone ya kuzuia polio, ugonjwa ambao yeye hajawahi kuuona, lakini wameshindwa kutoa matone ya kuzuia mafua, ambayo yanamwandama yeye na watoto wake kila mwaka.

Nilimpa jibu fupi kwa sababu foleni ilikuwa inasogea. Halikumridhisha, na kusema kweli hata mimi halikuniridhisha. Jibu refu, ndugu msomaji, linapita katika maisha ya mwanamke mmoja Mwingereza, Rosalind Franklin, aliyefariki mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 37. Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa jambo moja tu, nalo ni dhuluma aliyofanyiwa katika habari ya vinasaba, yaani DNA. Mimi leo nataka nikae zaidi kwenye kazi aliyoifanya baada ya hapo, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi tunaovusha watoto na kadi za chanjo mipakani.

Rosalind Elsie Franklin alizaliwa tarehe 25 Julai 1920 huko Notting Hill, London, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake, Ellis Franklin, alikuwa mtu wa benki ambaye jioni alikwenda kufundisha masomo ya umeme na historia katika chuo cha watu wa kazi za mikono. Binti alisomeshwa katika shule ya wasichana ya St Paul's, mojawapo ya shule chache za wasichana jijini humo zilizofundisha fizikia na kemia. Alifanya vizuri karibu katika kila somo, isipokuwa muziki.

Mwaka 1938 alifaulu vizuri na kupata tuzo ya masomo ya pauni 30 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu. Hapo baba yake akamwomba jambo moja: fedha hizo ampe mwanafunzi mkimbizi anayestahili. Ikumbukwe kwamba ilikuwa ni miaka ile ambapo Wayahudi walikuwa wakiikimbia Ujerumani na Austria kwa sababu ya utawala wa Hitler. Ellis Franklin alikuwa akihangaika kuwasaidia kupata makazi Uingereza, na nyumbani kwake familia iliwapokea watoto wawili waliokuwa wamefika bila wazazi wao.

Niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza niliufunga ukurasa nikatoka nje. Mimi pia nimesomeshwa na fedha za watu nisiowajua. Niliondoka Burundi mwaka 1993 nikiwa na miaka 13, na elimu yangu ya sekondari niliipata kambini, mkoani Kigoma, kwanza chini ya mwembe na baadaye katika darasa la matofali ya udongo. Kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wanane. Kilikuwa na mchoro wa DNA, ile ngazi iliyosokotwa, na chini ya mchoro majina ya wanaume wawili. Upande wangu wa kulia alikaa kijana ambaye mguu wake mmoja ulipoozeshwa na polio tangu utotoni, na tulipokezana kumbebea dumu lake la maji. Sikujua wakati huo kwamba yupo mtu mmoja ambaye kazi yake iligusa ule mchoro na ule mguu pia.

Turudi kwa Rosalind. Alijiunga na chuo cha wanawake cha Newnham, Cambridge, akasoma sayansi na kumaliza mwaka 1941. Nasema alimaliza, sisemi alipewa shahada, kwa sababu Cambridge ya wakati huo iliwafundisha wanawake na kuwatahini lakini haikuwapa shahada kamili kama wanaume. Haki hiyo ilikuja mwaka 1948. Wasomaji waliorudi na vyeti vya ukimbizini watanielewa hapa. Kufaulu ni jambo moja, karatasi yako kukubaliwa ni jambo jingine kabisa. Mimi niliporudi nyumbani, bahasha yangu ilizunguka kutoka meza hadi meza kwa miaka miwili kabla sijaingizwa kwenye orodha ya walimu.

Hapo Cambridge alikutana na mtu aliyebadili mwelekeo wa maisha yake. Alikuwa mama wa Kifaransa aitwaye Adrienne Weill, mwanafunzi wa zamani wa Marie Curie, ambaye naye alikuwa amekimbilia Uingereza wakati wa vita. Kwa mkimbizi huyo Rosalind alinoa Kifaransa chake, na vita vilipokwisha ni huyo huyo aliyemsaidia kupata kazi Paris. Watu husema kwamba mkimbizi ni mzigo. Hapa mkimbizi ndiye aliyefungua mlango.

Kabla ya Paris alifanya kazi kwenye makaa ya mawe, nje kidogo ya London. Huenda ikaonekana ni kazi isiyo na mvuto. Yeye alionyesha kwamba ndani ya makaa kuna vitundu vidogo mno vinavyopitisha chembe na kuzuia nyingine kulingana na ukubwa wake, mithili ya chekecheke. Hiyo ilimpatia shahada ya udaktari mwaka 1945. Wakati wa vita alijitolea pia kuwa mlinzi wa raia wakati wa mashambulizi ya ndege. Kutoka 1947 hadi 1950 aliishi Paris, katika maabara ya serikali chini ya Jacques Mering, na kwa maelezo ya karibu wote waliomfahamu, hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na furaha kuliko yote. Alitembea, alipanda milima, alibishana kwa Kifaransa bila mtu kumwona mkorofi. Tena alijifunza ufundi uliokuja kuwa wake, yaani kusoma umbo la vitu kwa kutumia mionzi ya eksirei.

Ufundi huo naomba niueleze polepole, maana bila huo habari yote hii inabaki kuwa majina na tarehe. Usiku, chukua kitambaa chepesi cha mwavuli, kinyooshe mbele ya jicho, kisha utazame taa moja iliyo mbali. Hutaona taa moja. Utaona taa imezungukwa na vitone vya mwanga vilivyojipanga kwa safu. Vitone hivyo vinatokana na nyuzi za kitambaa, na mtu mwenye hesabu nzuri anaweza kuvitumia kujua nyuzi zimeachana kiasi gani, hata kama kitambaa chenyewe hakioni. Virusi ni vidogo kuliko mawimbi ya mwanga wa kawaida, kwa hiyo darubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Mawimbi ya eksirei ni mafupi zaidi. Tatizo ni kwamba kirusi kimoja peke yake kinarudisha alama hafifu mno. Dawa yake ni kuvipata vingi vilivyojipanga kwa utaratibu mmoja, kama katoni za sabuni zinavyopangwa ghalani, safu juu ya safu, zote zikitazama upande mmoja. Kitu kilichojipanga hivyo ndicho tunachokiita fuwele. Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, na ukivisafisha virusi vya kutosha navyo vinaweza kuwa fuwele. Unapitisha eksirei, unapata vitone kwenye filamu, halafu unakaa chini na hesabu kwa miezi, pengine miaka.

Mwezi Januari 1951 alirudi London, katika chuo cha King's, akapewa kazi ya kuchunguza DNA. Habari ya hapo imeandikwa sana, nami nitaipita haraka. Mkuu wa maabara, John Randall, alimweleza Rosalind kwamba kazi ya eksirei kwenye DNA ingekuwa mikononi mwake, bila kumwambia vizuri Maurice Wilkins aliyekuwa amekwisha kuianza. Wawili hao hawakuelewana tangu siku za mwanzo. Chumba cha mapumziko cha wahadhiri wakubwa kilikuwa cha wanaume peke yao. Mwezi Mei 1952 yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha iliyo maarufu kwa jina la Picha ya 51, ambayo alama yake ya msalaba inaonyesha umbo lililosokotwa. Mwishoni mwa Januari 1953 Wilkins alimwonyesha James Watson picha hiyo, Rosalind akiwa hana habari. Ripoti yenye vipimo vyake nayo ilifika mikononi mwa Watson na Francis Crick kule Cambridge. Mwezi Aprili mwaka huo wawili hao wakatangaza umbo la DNA, na makala ya Rosalind ikachapishwa katika toleo lile lile la jarida la Nature, ikiwa nyuma, kana kwamba ni ya kuunga mkono.

Sisemi kwamba Watson na Crick hawakufanya kazi. Kuunganisha vile vipande kulihitaji akili kubwa. Lakini mizani iliyotumika kupima ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenye mizani hakuambiwa. Wafanyabiashara wanajua hiyo inaitwaje.

Hata kabla makala zile hazijachapishwa, Rosalind alikuwa amekwisha kuhama. Randall alimwandikia akimtaka aachane na DNA kabisa, hata kuifikiria. Mwezi Machi 1953 alihamia chuo cha Birkbeck, chuo cha watu wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni, kwa Profesa J. D. Bernal, Mwairishi mkomunisti ambaye kabla ya vita alikuwa amevipiga virusi picha za eksirei. Maabara ilikuwa katika nyumba za zamani za Torrington Square, eneo lililopigwa mabomu wakati wa vita. Ofisi yake ilikuwa juu kabisa, mashine za eksirei zilikuwa chini kabisa, na katikati ni ngazi. Ukilinganisha na Paris, alikuwa ameshuka. Ukitazama kazi aliyoitoa hapo, alikuwa amepanda.

Alianza na ugonjwa wa mimea unaoitwa batobato la tumbaku. Wakulima wa Kigoma, Makamba na Muyinga wanalijua batobato la muhogo, jani linapojikunja na kuwa na mabaka ya njano, mizizi ikabaki membamba kama vidole. La tumbaku linasababishwa na kirusi cha aina nyingine, ingawa jani linafanana kwa mabaka. Kirusi hicho ndicho cha kwanza kutambuliwa na sayansi, katika miaka ya 1890, na kina faida moja kwa mtafiti: shamba dogo tu la tumbaku iliyougua linatoa virusi vingi ajabu.

Kila kirusi cha batobato la tumbaku ni kifimbo. Inabidi upange zaidi ya 3,000, kichwa kwa mkia, ndipo upate milimita moja. Mwaka 1955 Rosalind alitangaza kwamba vifimbo vyote vilivyo kamili vina urefu ule ule. Linaonekana ni jambo dogo, lakini lina maana kubwa, kwa kuwa kitu chenye urefu maalumu ni kitu kilichojengwa kwa kipimo, kama mlango, si kitu kinachojiotea tu kama tambazi. Norman Pirie, mtaalamu mashuhuri wa virusi vya mimea, alikuwa akiamini vinginevyo na alikasirika sana. Uhusiano wao ukaharibika, na baraza la utafiti wa kilimo lililokuwa likigharamia kazi ya Rosalind likaanza kusita kutoa fedha. Yeye hakubadilisha kauli yake. Vipimo vilikuwa vyake na alijua alivyovipata.

Baada ya hapo akaingia ndani ya kifimbo chenyewe. Kimejengwa kwa vipande vya protini vinavyofanana, zaidi ya 2,000, vilivyozungushwa kama ukili unavyozungushwa wakati wa kushona kikapu. Katikati kuna uwazi. Swali lilikuwa ni wapi unapokaa ule uzi wa urithi, RNA, unaobeba maagizo ya ugonjwa. Mtu angetarajia ukae katika uwazi wa katikati, kama utambi ndani ya bomba. Rosalind alionyesha kwamba sivyo: uzi umebanwa katikati ya vipande vya protini, umezunguka navyo, kama kamba iliyoshonewa ndani ya pindo. Kwa maneno mengine, koti na maagizo vimefumwa pamoja. Picha hiyo imebaki kuwa sahihi hadi leo.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1954 alianza kufanya kazi na Aaron Klug, aliyezaliwa Lithuania na kulelewa Durban, Afrika Kusini. Baadaye wakajiunga nao vijana wawili, Kenneth Holmes na John Finch. Waliosoma kitabu cha Watson cha mwaka 1968 watakumbuka kwamba Rosalind amechorwa humo kama mwanamke mkali asiyeshirikiana na watu. Alikuwa mkali kweli, hasa kwa mtu aliyeleta hoja bila vipimo. Lakini kundi la Birkbeck halikumkimbia. Yeye alihangaika kutafuta fedha za mishahara yao, na wao walikaa naye mpaka mwisho.

Mwaka 1956 alikuwa Marekani kwa ziara ya maabara, na huko aliona kwamba tumbo linavimba hata sketi haifungi. Aliporudi London alipasuliwa mwezi Septemba, wakakuta uvimbe mara mbili. Ilikuwa saratani ya mfuko wa mayai. Alikuwa na miaka 36. Mwaka huo huo kundi lake lilichapisha makala saba, na mwaka uliofuata sita. Katikati ya kulazwa na kuruhusiwa aliandika maombi ya fedha kwenda Marekani, na mwaka 1957 taasisi za afya za serikali ya nchi hiyo zikamkubalia pauni 10,000 kwa miaka mitatu, fedha nyingi kuliko zote ambazo Birkbeck ilikuwa imewahi kupata kwa kazi ya utafiti.

Na kwa fedha hizo alikusudia nini? Polio. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mtu anayejua kwamba siku zake ni chache angeweza kubaki na tumbaku, ambayo haimdhuru mtu. Yeye alichagua kirusi kilichokuwa kinawapooza watoto. Wataalamu wa Berkeley, California, walikuwa wamefanikiwa mwaka 1955 kuvigeuza virusi vya polio kuwa fuwele, na fuwele hizo zililetwa London. Virusi vilikuwa hai. Watu wa Birkbeck wakaogopa, na siwalaumu. Jengo lile halikuwa la kuwekea kitu kama hicho. Hatimaye Bernal alipanga vihifadhiwe katika chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, na kazi ikaendelea.

Wakati huo huo Ubelgiji ilikuwa ikiandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels, mwaka 1958, na Rosalind aliombwa atengeneze mifano ya virusi kwa ajili ya banda la sayansi. Mfano wa kirusi cha tumbaku ulikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, na inasemekana kwamba vipande vyake vilitengenezwa kwa vishikio vya plastiki vya usukani wa baiskeli, na virusi vya duara kwa mipira ya tenisi ya mezani. Ninapoisoma habari hiyo siwezi kuacha kukumbuka kitu kingine kilichokuwa katika maonyesho hayo. Kulikuwa na sehemu ya makoloni, Congo na Ruanda-Urundi, na ndani yake kijiji cha maonyesho ambamo watu wa Congo waliwekwa nyuma ya uzio wakifanya kazi zao za mikono, wageni wakiwatazama na wengine kuwatupia vyakula. Watu hao walichoka kudhalilishwa, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Mahali pamoja, mwaka mmoja: huku kirusi kimetengenezewa sanamu kwa heshima zote, kule binadamu ameonyeshwa kama kiumbe cha kutazamwa. Rosalind hakuhusika na hilo, wala hakuyaona maonyesho yenyewe. Alifariki London tarehe 16 Aprili 1958. Maonyesho yalifunguliwa kesho yake.

Katika wosia wake alimwachia Aaron Klug pauni 3,000 na gari lake, akijua kwamba Klug ana familia na kazi yake haina uhakika. Alizikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Willesden. Jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa mwanasayansi, na linasema kwamba utafiti wake juu ya virusi utabaki kuwa na manufaa kwa wanadamu. DNA haikutajwa. Ndugu zake walioandika maneno hayo hawakuwa wanamficha; kwa wakati ule hiyo ndiyo kazi iliyojulikana kuwa yake. Mwaka 1962 Watson, Crick na Wilkins walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya DNA. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Mwaka 1982 alipewa Klug, kwa kazi ambayo sehemu yake ilianzia kwenye zile ngazi za Torrington Square.

Mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Finch na Klug walitangaza umbo la kirusi cha polio na wakaiweka makala hiyo kwa kumbukumbu yake. Kirusi cha polio si kifimbo. Ni kama mpira, na mpangilio wake unafanana na wa mpira wa miguu wa vipande uliozoeleka zamani: ngozi yake imeundwa na vipande 60 vinavyofanana, na ina ncha 12 ambapo vipande vitano vitano vinakutana. Kipenyo chake ni kama sehemu 30 za milioni ya milimita. Vinatakiwa zaidi ya 33,000 ili kujaza milimita moja.

Niseme ukweli hapa, maana wapo wanaopenda kutia chumvi. Chanjo ya polio haikutokana na picha za Rosalind. Chanjo ya sindano ya Jonas Salk ilianza kutumika mwaka 1955, na matone ya Albert Sabin yalifuata miaka michache baadaye. Picha zilieleza adui alivyojengwa, na kwa njia hiyo zikafungua mlango wa kumwelewa ndugu yake, yaani yule wa mafua.

Ndiyo, ni ndugu. Kirusi kinachosababisha mafua ya kawaida mara nyingi kuliko kingine chochote, rinovirusi, ni wa ukoo mmoja na polio. Umbo lake lote, hadi chembe moja moja, lilitangazwa mwezi Septemba 1985 na kundi la Michael Rossmann katika chuo kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana nchini Marekani. Mwezi huo huo kundi la James Hogle huko California likatangaza la polio. Rossmann alizaliwa Frankfurt mwaka 1930, na mwaka 1939 mama yake alimkimbiza Uingereza akiwa mtoto wa miaka tisa. Kwa hiyo katika habari hii tumekutana na mkimbizi mwingine, na safari hii ndiye mwenye maabara.

Alichokiona Rossmann ni hiki. Kirusi cha mafua nacho ni mpira wa vipande 60, lakini kuzunguka kila ncha kuna bonde jembamba lenye kina. Chini ya bonde hilo ndipo aina nyingi za kirusi hicho zinapojishikiza kwenye chembe za pua. Kingamwili, yaani askari wa mwili wetu, ni wanene. Hupata shida kulifikia bonde, kwa hiyo huzoea kukishika kirusi kwenye vilima vya juu. Hiyo ilikuwa hoja yake. Baadaye iligundulika kwamba baadhi ya kingamwili hufika bondeni kwa kiasi fulani, lakini picha kubwa inasaidia kuelewa. Kirusi kinaweza kubadilisha vilima vyake kila mara kama mtu anayebadilisha koti, bila kubadilisha mkono unaofungulia mlango. Ndiyo maana zinajulikana aina zaidi ya 160 za rinovirusi, na aliyepona moja anakamatwa na nyingine. Polio ina aina tatu tu. Aina tatu unaweza kuzitia katika chupa moja ya matone. Aina 160 ni habari nyingine, tena kwa ugonjwa ambao watu wengi wanapona bila dawa.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama. Upo pia upande wa pili, ambao nisipousema nitakuwa nimeficha. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeiondoa polio ya asili. Lakini mwezi Machi 2023 sisi Burundi tulitangaziwa polio kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 30, mtoto wa miaka minne huko Isale ambaye hakuwa amechanjwa. Haikuwa ile ya asili. Ilitokana na kirusi cha ndani ya matone, ambacho kimedhoofishwa; mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa kinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikijibadilisha, hadi kikarudisha nguvu. Watu wa sokoni walipolisikia hilo, baadhi walianza kuwaficha watoto. Hesabu yake ni kinyume. Kirusi hicho kinapata njia kwa watoto wasiochanjwa, na wanaohamahama kama sisi ndio mara nyingi wanaokosa dozi, huku kadi imeandikwa kambini, huku jina limeandikwa kwa herufi nyingine nyumbani, huku zamu ya chanjo imepita mama akiwa ng'ambo ya mpaka na mzigo wake.

Nilimwona tena mama yule mwezi wa tisa, upande wetu, amekaa nyuma ya magunia matatu ya mchele, bado anapiga chafya. Safari hii hapakuwa na foleni, nikamsimulia yote, na ule mfano wa katoni za sabuni aliupenda. Aliniuliza kama Rosalind aliacha watoto. Nikamwambia hakuolewa wala hakuacha mtoto. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa kadi kwenye bahasha ya kaki, akanipa nimsomee ni dozi zipi zilizobaki. Ilikuwa imebaki moja.